Risala ya Wachezaji wa Bonanza la Sofia kwa Mgeni Rasmi

Ndugu Mgeni Rasmi,
Ndugu Mwenyekiti wa jumuiya yetu, wazee wetu, akina mama mliotupikia pilau kwenye baridi hii, wachezaji wenzetu,

Wakubwa shikamooni, na wengine wote habari za mchana.

Pole na safari. Jana ulipoiona ratiba ulituuliza kwa nini timu za watu waliotoka Tanga, Mombasa na Bujumbura zinaitwa Varna, Melbourne, Paris na Razgrad. Tulicheka, tukakuomba usubiri risala. Majina hayo tumeyaazima kwenye soka la wenyeji wetu, Wabulgaria, ambao Sofia hii ndiyo mji mkuu wao.

Varna ni mji wa bandari kwenye Bahari Nyeusi. Mwaka 1894 mwalimu wa mazoezi ya viungo kutoka Uswisi, Georges de Regibus, aliwaonyesha mpira wa miguu wanafunzi wa shule ya wavulana ya mji huo. Miaka 20 baadaye vijana wa Sofia wakaanzisha klabu, wakaipa jina la Vasil Levski, mpigania uhuru aliyenyongwa mwaka 1873. Mwaka 1948 jeshi nalo likapata timu yake, CSKA. Mgeni Rasmi, mechi ya hao wawili ni Simba na Yanga ya huku. Katika fainali ya Kombe la Bulgaria mwaka 1985 walipigana hadi chama tawala kikazivunja klabu zote mbili na kuzirudisha kwa majina mengine. Kati ya waliofungiwa maisha alikuwamo kijana wa miaka 19, Hristo Stoichkov. Baadaye adhabu ililegezwa, na ilikuwa heri, kama utakavyosikia.

Melbourne ni medali ya shaba ya soka waliyoipata Wabulgaria katika Olimpiki ya 1956 mjini humo. Waliifunga Uingereza 6-1, wakatolewa na Wasovieti katika nusu fainali, wakamalizia hasira kwa India, 3-0. Timu yetu ya Melbourne nayo imeambulia nafasi ya tatu asubuhi hii, hivyo tusiwatonesheni kidonda.

Sasa Paris. Kati ya 1962 na 1986 Bulgaria ilikwenda Kombe la Dunia mara tano, ikacheza mechi 16, haikushinda hata moja. Kijana aliyewashuhudia wakifungwa huko Chile mwaka 1962 alikuwa ameshakuwa mtu mzima mwenye watoto wakubwa, bado anangoja. Usiku wa tarehe 17 Novemba 1993 wakaingia Paris kucheza na Ufaransa, ambayo sare tu ingeipeleka Kombe la Dunia la Marekani. Hadi dakika ya 90 ilikuwa 1-1. Mfaransa David Ginola alipata mpira pembeni. Badala ya kuuficha kwenye kibendera ili muda uishe, akapiga krosi isiyo na mwenyewe. Wabulgaria wakaunasa, Lyuboslav Penev akamtengea Emil Kostadinov, naye akapiga shuti lililogonga mwamba wa juu kwa chini na kuzama wavuni. Kinyozi wetu wa mtaani akiisimulia mechi hiyo na kufika hapo huacha mkasi hewani. Wapo kati yetu waliorudi nyumbani na kichwa nusu.

Huko Marekani mwaka 1994 waliowapokea ni Waafrika wenzetu wa Nigeria, wakawachapa 3-0. Mechi ya 17 bila ushindi! Kisha mlango ukafunguka: Ugiriki 4-0, Argentina 2-0, Mexico kwa penalti. Robo fainali wakakutana na Ujerumani, bingwa mtetezi, wakatangulia kufungwa kwa penalti. Dakika ya 75 Stoichkov, yule yule aliyefungiwa maisha, akasawazisha kwa mpira wa adhabu. Dakika tatu baadaye Yordan Letchkov akarusha upara wake na kuweka la pili. Italia ikawatoa katika nusu fainali, na Sweden ikawafunga manne wakigombea nafasi ya tatu. Hayo kinyozi huwa hayasimulii.

Razgrad ni mji mdogo tu, lakini klabu yake, Ludogorets, ilipopanda daraja mwaka 2011 ilianza kubeba ubingwa msimu uliofuata, ikaendelea kuubeba mfululizo. Agosti 2014, hapa Sofia, kipa wao alitolewa kwa kadi nyekundu dhidi ya Steaua ya Romania na wachezaji wa akiba walikuwa wamekwisha. Beki Cosmin Moti akavaa glovu, akafunga penalti ya kwanza, akadaka mbili, wakaingia Ligi ya Mabingwa. Ndiyo maana jana kipa wa Razgrad alipoteguka kidole, mabeki watatu waligombea glovu.

Mgeni Rasmi, glovu zenyewe ni jozi moja, zimechanika. Hilo ndilo ombi letu la kwanza. La pili ni mchango wa kukodi ukumbi wa ndani, kwani theluji ikianguka hatuna pa kuchezea mpaka Machi.

Paris na Razgrad wameshapasha misuli. Tunakuomba ushuke uwanjani ukague timu, kisha utuanzishie fainali.

Tunaomba kuwasilisha.