Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka wa Wenye Magari ya Umeme na Haibridi, Nakuru

Wanachama wenzangu,

Nawasilisha kwenu taarifa ya mwaka wa 2025, ambao ni mwaka wangu wa tatu katika kiti hiki. Shughuli za kawaida mnazijua: tulikutana mara nne, tulikwenda Naivasha mwezi wa Machi, tulipokea wanachama 8 wapya na tulimfariji mwenzetu aliyefiwa na mamake. Kwa jumla tuko 63, yaani 44 wenye magari ya haibridi, yanayotumia petroli na betri bila kuchomekwa, na 19 wenye magari ya kuchomekwa kwenye stima, mengi yakiwa Nissan Leaf.

Siku ya kusafisha feni za betri nitaitaja kidogo, kwa kuwa wapo wanaodai kwamba wenye haibridi wamesahauliwa. Magari 21 yalikaguliwa bila malipo mwezi wa Juni. Betri ya Toyota Aqua iko chini ya kiti cha nyuma, nayo hupozwa na hewa inayovutwa na feni kutoka ndani ya gari kupitia tundu lililo ubavuni mwa kiti hicho. Tulipofungua gari la mwenzetu mmoja anayebeba abiria wa Njoro, tulikuta tundu limezibwa na vumbi, nywele na maganda ya njugu hata hewa ilikuwa haipiti. Betri inayokosa hewa huchemka, na inayochemka kila siku hufa kabla ya wakati wake. Kazi hiyo niliifanya mimi mwenyewe kwa burashi ya rangi, nikiwa nimepiga magoti, na mwenye gari ni shahidi.

Sasa niingie katika suala la chaja ya chama tuliyoiweka Lanet, inayolalamikiwa kwamba iliamuliwa na wachache na kuwekwa karibu na kwangu, ambalo najua ndilo lililowaleta wengi leo. Yamesemwa mengi katika kikundi chetu cha WhatsApp, na nilinyamaza kwa sababu niliona haifai mwenyekiti kujibizana na wanachama kwenye simu. Mahali pa kujibu ni hapa.

Mwezi wa Februari, saa nane usiku, nilipigiwa simu na mwanachama wa Kiamunyi aliyeamshwa na harufu ya plastiki inayoungua. Alikuwa akichaji Leaf yake kwa ekstensheni ya kawaida iliyopitishwa kwenye dirisha la jikoni. Nilipofika nilikuta plagi imegeuka rangi ya kahawia na kuyeyukia ndani ya soketi, ikabidi tuzime swichi kuu ndipo tuing'oe kwa koleo, huku watoto wake wakitutazama kutoka mlangoni wakiwa wamejifunga mablanketi. Soketi ya nyumbani ni ya ampea 13, lakini kubeba ampea 10 kwa saa kumi mfululizo, kila usiku, ni kazi nyingine kabisa, hasa skrubu zake zikiwa zimelegea. Na Leaf ya kilowati-saa 24 iliyoishiwa huhitaji takribani muda huo. Wengi wetu tunaishi katika nyumba za kupanga ambazo wenyewe hawaruhusu nyaya zibadilishwe, na wengine asubuhi shawa ya maji moto ikiwashwa gari likiwa bado linachaji, nyumba nzima inazimika. Nililiona jambo hilo kwa macho yangu, na sikuwa tayari kungoja hadi nyumba ya mwanachama iteketee.

Ndiyo maana kamati ilipendekeza chaja ya ampea 32 yenye waya wake mnene, swichi yake ya usalama na erthi iliyochimbiwa ardhini. Leaf yenye uwezo wa kupokea kilowati 6.6 hujaa pale kwa muda wa saa nne hivi. Wapo waliotaka chaja ya kasi ya CHAdeMO, ambayo kwa nusu saa inakufikisha karibu asilimia 80. Nami naitamani, lakini mashine ya kilowati 50 inahitaji stima ya fezi tatu na gharama yake ni mamilioni ya shilingi, nasi ni chama ambacho hakijafaulu kukusanya shilingi 200 kwa mwezi kutoka kwa kila mwanachama.

Inasemwa kwamba uamuzi ulipitishwa na watu wachache. Ni kweli, lakini wachache hao ndio waliokuja. Mkutano wa kwanza ulihudhuriwa na watu 9, tukauahirisha kwa wiki mbili kwa sababu akidi ni 21. Wa pili walikuja 14, na katiba yetu inasema wazi kwamba katika mkutano ulioahirishwa waliopo ndio akidi. Waliounga mkono walikuwa 11, waliopinga 3, na majina yamo katika kumbukumbu za katibu. Kati ya wanachama walioandika kwa ukali zaidi baadaye, hakuna hata mmoja aliyehudhuria mkutano wowote kati ya hiyo miwili. Jambo hili limeniumiza, nami sitalificha.

Inasemwa pia kwamba nilichagua Lanet kwa kuwa naishi Lanet. Gereji ilipo chaja tulipewa na mwanachama bila kodi, ina lango, ina mlinzi wa usiku, na iko karibu na barabara kuu ya Nairobi, ilhali katikati ya mji tungelipa maegesho na tusingekuwa na mtu wa kulinda waya usikatwe. Mwaka mzima nimechaji pale mara 5 tu, na risiti ziko kwa mweka hazina.

Chaja, waya, mita ndogo na kazi ya fundi viligharimu shilingi 146,000. Akiba ilikuwa 118,000; 28,000 zilizopungua nilizitoa mfukoni mwangu, na hadi leo sijalipwa wala sijadai riba. Tangu Julai hadi Desemba zimeuzwa yuniti (yaani kilowati-saa) 1,870 kwa shilingi 35 kila moja, jumla 65,450, na baada ya kulipia stima zimebaki 11,220. Pesa hizo ni za chama kizima, zikiwemo za wenye haibridi ambao hawachaji.

Kuhusu ada, tulitarajia 151,200 na tukapata 81,900. Wanachama 29 wamemaliza, 11 wamelipa nusunusu, na 23 hawajatoa hata senti, ingawa 6 kati yao huchaji Lanet kila wiki kwa bei ya mwanachama. Katibu amewapigia simu, nami nimewapigia. Naomba mkutano huu uamue kama mtu wa namna hiyo aendelee kupata bei hiyo. Kwa maoni yangu asiipate.

Kwa mwaka ujao tunatumaini kuomba mita ya peke yake ili tuingie katika bei maalumu ya umeme wa magari iliyowekwa na EPRA, mamlaka ya kudhibiti nishati, mwaka wa 2023, ambayo usiku ni nafuu zaidi. Tunatumaini vilevile kupata mahali pa kuchaji Kericho, njiani kutoka Kisumu, Mungu akijalia. Aliyewahi kutoka Kisumu na Leaf ya betri ndogo, ile ya kilowati-saa 24, anajua kwa nini: kutoka ziwani hadi Mau Summit gari linapanda zaidi ya mita 1,300, na kupanda huko peke yake hula karibu yuniti 6, yaani robo ya betri ikiwa mpya, kabla ya kuhesabu mwendo wenyewe. Mteremko wa Salgaa hurudisha kiasi cha stima kwenye betri, ila ni lazima kwanza ufike huko juu. Tumeanza kuzungumza na mwenye hoteli mmoja na tutawaarifu.

Hesabu kamili ziko mezani kwa mweka hazina, na kila mwanachama anaweza kuzikagua kabla ya uchaguzi. Jina langu limo miongoni mwa wagombea.

Mwenyekiti