Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Mwaka wa Michoro Iliyotokana na Vitabu

Ndugu wanachama,

Mkutano mkuu uliopita uliazimia kwamba mwaka huu tuitazame michoro ya mwanzo ya Marekani iliyotokana na fasihi, na namna ilivyowasawiri watu wa asili mbalimbali. Kazi hiyo imefanyika, ingawa si kwa ratiba mliyoipitisha.

Tulianza na John Vanderlyn, ambaye mwaka 1804 alichora kifo cha Jane McCrea, aliyeuawa wakati wa vita vya uhuru wa Marekani, kwa ajili ya utenzi wa Joel Barlow: wapiganaji wawili wa wenyeji asilia, misuli imewatutumka, wamemkamata mwanamke wa Kizungu huku shoka limeinuliwa. Hatukukawia hapo, kwani nia ya mchoro ule haijifichi.

Kilichotukesha ni mchoro wa John Quidor wa mwaka 1832, uliotokana na hadithi ya Washington Irving ya mwaka 1824, ambamo watu watatu wanafukua hazina usiku na mzuka wa haramia unawachungulia kutoka juu. Nakala ya kwanza tuliyochapishiwa ilikolea wino mno, hata Sam, mvuvi Mweusi anayejikwamua kutoka shimoni, akamezwa na giza, yakabaki macho tu. Tulilazimika kuichapisha upya, na mweka hazina hajaacha kunikumbusha gharama yake.

Wajumbe kadhaa walishikilia kwamba dhihaka anayofanyiwa Sam haikubagua, kwa kuwa hadithini hata daktari Mjerumani, mfukuaji mwenzake, anadondosha kitabu na kuanza kusali kwa Kijerumani, na Wolfert, mfukuaji wa tatu, Mholanzi mkulima wa kabichi, hana ushujaa wowote. Ni kweli kwamba Irving aliwacheka Waholanzi wa New York tangu mwaka 1809. Hata hivyo sikukubaliana nao. Mzungu aliyechekwa alirudi kwenye shamba lake na kura yake, ilhali jimbo la New York lilikuwa limekomesha utumwa mwaka 1827 tu, na katiba yake ya mwaka 1821 ilimtaka mwanamume Mweusi awe na mali ya dola 250 ndipo apige kura.

Kikao cha mwisho kiliahirishwa. Kilimhusu Robert Duncanson, mchoraji Mweusi ambaye mwaka 1853 aliwachora Tom, mtumwa Mweusi, na Eva, mtoto wa Kizungu, wa riwaya ya Harriet Beecher Stowe ya kupinga utumwa, na mjumbe mmoja ameshauliza kwa nini yeye naye alimwacha Tom na upole uleule wa kitabuni. Tutaanza na swali hilo mwakani. Nakala imeshaagizwa, safari hii kwa mchapaji mwingine.

Mwenyekiti