Muulize fundi maji yataenda wapi

Cedar Rapids, Iowa
9 Machi

Shoga yangu Zuhura,

Salamu nyingi kwako, kwa shemeji na watoto. Sisi ni wazima. Theluji imeanza kuyeyuka, uani ni matope matupu, na tangu uniambie kwenye simu habari ya unyevu kwenye ukuta wa besimenti yenu, kile chumba cha chini ya nyumba, sijatulia. Nimeona nikuandikie usiku huu huu, kwa kituo, maana kwenye simu watoto hawatuachi tukamaliza neno.

Ule unga mweupe uliouona chini ya ukuta si rangi inayobanduka. Ni chumvi. Maji yanapenya kwenye zege, yanakauka, chumvi inabaki. Mimi niliufagia miaka miwili nikidhani ni vumbi, mpaka usiku mmoja wa mwezi wa Mei niliposhuka kutoa nguo kwenye mashine, nikakanyaga zulia likatoa maji kama sifongo. Kwetu Tanga mafuriko unayaona yakija: mvua inapiga, mtaro unajaa, unawahi kunyanyua magodoro. Huku maji yanapanda kutoka chini ya sakafu wewe umekaa sebuleni unakunywa chai. Maboksi yote ya chini yaliloa, na picha za harusi ya mama zilikuwa mle.

Sasa unasema shemeji ameshanunua pampu ya kutoa maji nje, na wikendi anataka kuchimba mwenyewe shimo lake kwenye sakafu ya besimenti. Nakuomba umwambie asubiri. Najua mikono yake, sina wasiwasi nayo. Lakini kutumbukiza pampu shimoni ndiyo sehemu nyepesi ya kazi hii. Sisi tulimwita kijana aliyetupa bei ya chini kuliko wote, dola 650. Akavunja zege, akachimba, akaweka pampu, akatoboa ukuta na kuchomoza bomba nje, akachukua hela yake. Hakutoka hata mara moja kuangalia kiwanja kimeinamia upande gani. Bomba likawa linamwaga hatua moja tu kutoka ukutani, na pale ardhi inaelekea nyumbani. Kwa hiyo maji yakawa ni yale yale: yanatolewa, yanazama ardhini, yanarudi chini ya msingi, yanaingia shimoni, pampu inawaka tena. Nilikuwa nalala nikihesabu. Kila baada ya dakika tatu inanguruma, inanyamaza, halafu nasikia maji yakiporomoka kurudi shimoni, kwa sababu hakuweka vali ya kuyazuia yasirudi. Mwaka haukuisha, pampu ikaungua.

Fundi wa pili nilielekezwa na jirani, bibi aliyekuwa mtaa huu tangu kabla ya mafuriko ya Juni 2008, mto Cedar ulipofika zaidi ya mita 9 kwenye kipimo chake. (Mafuriko ya namna ile pampu haiyawezi, lakini ninyi mko mbali na mto, hilo lisikutie hofu.) Yule fundi alinisalimu, na wala hakushuka besimenti. Alizunguka nyumba kwanza. Akatazama mabomba ya paa yanamwaga wapi, akaweka pima maji chini sehemu tatu nne, kisha akaniuliza, "Maji haya tuyapeleke wapi?" Zuhura, hapo hapo moyo wangu ulitulia.

Bomba la nje alilipeleka zaidi ya mita 3 kutoka kwenye msingi, upande ambao ardhi inateremkia mbali, na si kuelekea kwa jirani. Nilimuuliza kwa nini asiliunganishe na bomba la majitaka lililo pale pale karibu na mashine ya kufulia, akakataa kata kata. Miji mingi inakataza, na kwa haki: kila nyumba ikisukumia humo maji ya mvua, bomba la mtaa linazidiwa na uchafu unarudi kwenye masinki na vyoo vya watu. Ukimsikia fundi anakwambia atalichomeka huko ili kazi iwe rahisi, mshukuru umsindikize.

Halafu kuna baridi. Maji yakiganda kwenye mdomo wa bomba mwezi wa Januari, pampu inasukuma mahali palipozibwa mpaka inakufa. Yeye alilaza bomba kwa mteremko ili maji yasitulie ndani, na karibu na ukuta akaacha nafasi maji yatokee pale huko mbele kukiganda. Muulizeni hilo kabla ya bei.

Kingine ambacho sikukijua kabisa: mfuniko. Shimo letu la kwanza lilikuwa wazi. Yule fundi alipoliona akaniuliza kama tumewahi kupima radoni. Ni gesi inayotoka ardhini, haina harufu wala rangi, na hapa Marekani ndiyo inayoifuata sigara kwa kusababisha saratani ya mapafu. Iowa yote imo kwenye kundi la maeneo yenye hatari kubwa. Shimo lililo wazi ni mlango wake, na wanao wanachezea huko chini. Kwa hiyo mfuniko uwe wa kukaza kwa skrubu na mpira wake pembeni. Kifaa cha kupimia kinauzwa madukani, nunua kesho.

Alipomaliza aliniita. Akaniambia nichote ndoo ya maji nimimine mwenyewe. Nikamimina. Boya, lile linaloelea na kuwasha pampu, likainuka taratibu, likafika mahali pake, pampu ikawaka, shimo likanyonywa mpaka chini, ikazima. Nikasubiri ule mlio wa maji kurudi. Kimya. Tukatoka nje tukakuta majani kule mbali yameloa na ukutani pakavu. Msimlipe mtu malipo ya mwisho kabla hamjamimina ndoo hiyo kwa mkono wenu.

Betri ya akiba, ya kuendesha pampu umeme ukikatika, nilikuwa naiona ni gharama ya bure, nikaiweka kwa shingo upande. Lakini tarehe 10 Agosti 2020 ulipopiga ule upepo ulioangusha miti mji mzima, mtaani kwetu tulikaa siku tisa bila umeme. Mungu alisaidia, shimo lilikuwa kavu. Ingekuwa Mei je? Mvua kubwa na umeme kukatika huwa vinakuja pamoja. Na pampu iwe na soketi yake ukutani, isining'inizwe kwenye waya wa kurefushia.

Fundi wa pili tulimlipa dola 2,300 pamoja na betri. Ni nyingi, najua mmetoka kununua nyumba. Ongezeni ile 650 iliyopotea na zulia, mtaona. Fundi wenu mwombeni namba ya leseni, kwa kuwa hapa Iowa fundi bomba lazima awe na leseni ya jimbo, na mpigie simu jiji kuuliza kibali. Akitaka kuchimba uani, namba ya simu 811 ipigwe kwanza, watu waje kuweka alama nyaya na mabomba ya gesi yanapopita, hawatozi kitu. Bima pia isomeni: ya kawaida hailipi mafuriko, na maji yanayofurika kutoka kwenye shimo la pampu kwa kawaida yanahitaji kipengele cha kuongeza.

Jumamosi nitakuja Des Moines, nimeshaomba ruhusa kazini. Nitafika saa nne asubuhi. Hamisheni maboksi ya chini yapande juu, ukianza na yale ya vyeti na picha. Tutaizunguka nyumba pamoja na shemeji, tutazame ardhi imeinamia wapi.

Mbusu Salma na mdogo wake.

Wako,
Mama Neema