Anayekwenda kusoma nje apewe swali la nyumbani

Mhariri,

Januari inakaribia, na mwezi huo ndipo dirisha la maombi ya ufadhili wa serikali ya Uturuki hufunguliwa. Vijana wa hapa Dodoma wameshaanza kunipigia simu, wengine wananifuata hadi shambani Mpunguzi. Wanauliza habari za viza, baridi, posho na chakula. Nawajibu yote kwa moyo. Lakini sijapata hata mmoja anayeniambia anakwenda kutafuta nini, wala aliyetumwa na mtu.

Mimi nilisomea kilimo cha bustani Izmir, magharibi mwa Uturuki. Ufadhili ule nausifu bila kusita: ada inalipwa, bweni lipo, bima ipo, posho inaingia kila mwezi, na kabla ya masomo yenyewe unafundishwa Kituruki mwaka mzima. Tiketi ya ndege ni ya kwenda unapoanza na ya kurudi unapomaliza, kwa hiyo mtoto wa mkulima anaweza kukaa miaka mitano bila kumwona mama yake. Upweke upo na baridi ipo. Vinazoeleka.

Kilichoniongoza miaka yote ile ni agizo la mama. Usiku wa kuamkia safari aliniambia, "Mwanangu, kaangalie wenzetu wanafanyaje zabibu zikiiva na mnunuzi hayupo." Anayelima zabibu Dodoma anajua uzito wa maneno hayo. Zabibu ikishakatwa haisubiri. Gari la mnunuzi likichelewa siku mbili tatu, kreti za chini zinaanza kuchuruzika, nyuki wanajaa, na dalali anatokea na bei yake mfukoni. Mwenye uwezo anakamua na kuuza mchuzi, yaani maji ya zabibu. Asiye na mapipa anapokea chochote atakachopewa, maana ana watoto wanaosubiri ada.

Kwa sababu ya agizo hilo, likizo ya kiangazi wenzangu walipokwenda kutembea Istanbul, mimi niliomba kwenda Manisa, mkoa jirani na Izmir. Uturuki ni miongoni mwa nchi zinazoongoza duniani kwa zabibu kavu, na Manisa ndiyo kitovu chake. Nilipokelewa na familia moja yenye shamba. Vichala vikikatwa vinachovywa kwenye maji yaliyochanganywa potasiamu kaboneti na mafuta kidogo ya zeituni, kisha vinatandazwa juani. Dawa ile inalegeza ule utando wa nta juu ya ganda, maji yanatoka upesi, na kazi ambayo ingechukua wiki mbili tatu inakwisha kwa wiki moja hivi. Bibi wa nyumba ile hakuwa na kipimo chochote. Alichota zabibu, akafumba ngumi akaibana kwa nguvu, kisha akafumbua kiganja. Zikishikamana, bado. Zikiachana moja moja, akaita vijana waje na magunia. Alinishika mkono akanifanyisha mpaka nikajua.

Siku ile nilielewa kwa nini mkulima wa kule hababaishwi na gari kuchelewa. Zabibu yake kavu inakaa ghalani miezi. Ana chama chake cha ushirika, na Izmir kuna soko la bidhaa lililoanzishwa mwaka 1891 ambako bei ya zabibu kavu inajulikana kwa kila mtu. Anauza akitaka.

Sisemi tunakili kila kitu. Zabibu yao ya kukausha haina mbegu, yetu nyingi ni za mvinyo na zina mbegu. Wao baridi inailaza mizabibu, wanavuna mara moja. Sisi tunapogolea mara mbili na kuvuna mara mbili. Mavuno ya masika hayakaushiki kwa jua, mvua itayaozesha. Lakini yale ya Agosti na Septemba, Mhariri, yanaangukia kwenye jua kali na upepo mkavu wa Dodoma, miezi ileile ambayo Manisa wanakausha. Hilo nisingeliona kama ningekwenda kutafuta cheti tu. Darasani profesa alikuwa akiniuliza kwenu mnapogolea lini, udongo ukoje, mnamwagiliaje, nami nilijibu kwa sababu nimekulia shambani. Nilisoma na vijana wenye akili kunizidi ambao hawakuwa na la kusema kuhusu kwao. Hawakuwahi kupelekwa kuona, na naona uchungu kwa ajili yao mpaka leo.

Niliporudi, kazi niliyoitiwa kwanza ilikuwa ya ukalimani, kuwatafsiria mafundi wa Kituruki. Ni kazi halali na nilishukuru. Ila kuhusu zabibu hakuna ofisi iliyoniuliza nimeona nini.

Ombi langu kwa Wizara ya Elimu: majina ya waliopata ufadhili yakitoka, kila kijana akabidhiwe kwa halmashauri yake kabla ya kupanda ndege. Akae na afisa ugani, au muuguzi wa zahanati, au fundi wa maji, kulingana na fani yake, aambiwe ni jambo gani limewashinda. Akirudi aitwe aeleze alichokiona, hata kama ni mbele ya kikao cha kata. Gharama yake ni nauli ya daladala na muda wa watu wachache.

Kwa upande wetu, mama ametenga sehemu ya mavuno ya Agosti nikaushe kwa njia ya Manisa. Nawaomba wataalamu wa utafiti wa zabibu walioko Makutupora waje wapime unyevu, waonje, na watuambie aina gani isiyo na mbegu tuanze kupanda pembezoni mwa shamba.

Mhitimu na mkulima,
Mpunguzi, Dodoma