Barua kwa mwanangu: wakikutisha na picha, niamshe

Babaangu we, assalam alaykum.

Nimeamua nikuandikie humu humu WhatsApp japo tunalala nyumba moja, mana kila nikiyaanza haya mazungumzo unainama unachezea kandambili, mara unakumbuka umetumwa dukani. Huku utasoma peke yako, utarudia ukitaka. Ila soma mpaka mwisho tafadhali.

Umemaliza fomu foo, matokeo bado, mjomba ako kakununulia simu yenye kamera nzuri, bando unajiunga mwenyewe kwa hela unayopata Deep Sea kule kwa wavuvi. Na mi simu siichukii. Naogopa zile saa sita saba za usiku, nikiamka naona mwanga chini ya mlango wako najua uko na watu ambao mi siwajui na we pia huwajui, ila wameshakuzoesha uone unawajua.

Kuna kijana hapa hapa Makorora, simtaji na we usiulize. Alipata rafiki Instagram, msichana mzuri, anasema anasoma chuo Dar. Hata siku hazijapita wakahamia WhatsApp, yule msichana akawa wa kwanza kutuma picha yake ya utupu, akasema na we nitumie basi, kisha wakapigiana video kol. Kumbe hakuna msichana. Ile video ya upande wa pili imeshachukuliwa zamani inachezeshwa tu, nyuma yake kuna mtu sijui wa wapi anarekodi skrini. Kol ilipokatika zikaanza kuingia skrinishoti za orodha ya marafiki zake, mashangazi, ostadhi wa madrasa, wanafunzi wenzie, na meseji inasema tuma laki mbili sa hizi la sivyo wote hawa wanaona. Akatuma alichokuwa nacho. Wakataka tena. Akauza simu ya dada yake akatuma, wakataka tena!! Mwisho akaacha kula, akawa halali, mamaake akadhani malaria akampeleka kupima mara mbili na malaria haionekani. Alhamdulillah alikuja kumwambia kaka yake.

Hii kitu ni biashara ya watu babaangu, ina watu wanaamka asubuhi wanaifanya kama kazi, ile picha ya msichana ni chambo tu kimewekwa kwenye ndoana na kinatupwa kwa vijana mia ili anase mmoja. Kwaiyo ukinaswa haimaanishi we mjinga. Marekani kule FBI, wapelelezi wa serikali yao, walipokea taarifa zaidi ya 13,000 za watoto waliofanyiwa hivi kati ya Oktoba 2021 na Machi 2023, wengi wao watoto wa kiume, na vijana wasiopungua 20 wakajitoa uhai. Nikasoma hapo nikaweka simu chini. Watoto 20, kila mmoja ana mama, na hela waliyodaiwa mama yoyote angeitafuta, angekopa, angeuza vyombo, au angemwambia tu mwanawe usilipe njoo tulale. Walibaki na lile jambo peke yao usiku.

Sasa nisikilize. Ikikutokea, hata uwe umefanya nini, hata picha iwe mbaya vipi, hata saa tisa usiku, gonga mlango wangu uniamshe. Sitakupiga, sitakupokonya simu, sitakuuliza kwanini mpaka uwe umelala na umekula. Nimeapa na babaako anajua, nilimpigia huko melini nikamwambia na yeye kasema hivo hivo. Ukinionea haya mimi nenda kwa shangazi yako Chumbageni, nimeshamwambia mlango uko wazi na hatakuhoji.

Kabla hujanifikia usitume hela hata mia, mana ukilipa mara moja wameshajua unalipika watarudi. Usiwabembeleze pia, hawana huruma, ukijibu wanajua umeogopa. Meseji zao usizifute hata kama zinakutia kichefuchefu, piga skrinishoti za jina la akaunti, namba ya simu, namba wanayotaka hela iingie, halafu ndo uripoti ile akaunti kwenye programu yenyewe na ubloku. Laini za Tanzania zinasajiliwa kwa alama za vidole, kwaiyo namba ya kupokelea hela ikiwa ya hapa kuna mtu aliisajili, polisi wana pa kuanzia. Tutaenda wote Dawati la Jinsia na Watoto kituoni, lile si la wasichana peke yao, ni la watoto na we hujafika 18 bado mtoto kisheria. Kuna na namba 116 ya simu kwa mtoto, bure, unaweza kupiga hata kabla hujaniambia mimi. Halafu kuna huduma ya Take It Down ya taasisi moja Marekani, kwa ambaye kwenye picha alikuwa chini ya 18: picha inabaki kwenye simu yako haiendi kokote, inatengenezwa alama yake tu, na mitandao iliyojiunga inaitumia ile alama kuitafuta picha na kuiondoa. Hailipiwi na huandiki jina.

Na usijidanganye kwamba kwa sababu hujawahi kutuma basi uko salama. Sa hizi wanachukua picha yako ya kawaida, ile umevaa jezi uwanjani Mkwakwani, wanaiingiza kwenye hizi programu za akili mnemba inatoka uchi. Hiyo nayo niletee, tena mapema, ukijua ya uongo usiseme itapita yenyewe.

La pili ni yule binti wa Mabawa. Unafikiri sijui? Najua na sijakasirika, tena anaonekana mtoto mwenye heshima. Ila nilikusikia siku ile uani unamwambia kama unanipenda nitumie lokesheni nione kama kweli uko kwenu, na paswedi yako nipe hatufichani. Babaangu hapana. Huko ni kumchunga mtu, na ukizoea kumchunga sa hizi utamchunga mpaka mkeo. Akikwambia ngoja, ngoja. Akinyamaza, hajakubali. Picha usimwombe, na siku aking'ang'ania kukutumia mwenyewe mwambie asitume. Yeye bado anasoma na hajafika 18, ukilala naye sheria yetu ya makosa ya kujamiiana ya 1998 haiangalii kama alisema ndiyo, na kwa sheria ya elimu anayempa mimba mwanafunzi ni miaka 30 jela. We miezi michache tu utakuwa mtu mzima mbele ya hakimu. Nakwambia vile ilivyo, sikutishi, na zaidi ya jela nataka umuwaze yeye, shule yake, tumbo lake, majirani watakavyomsema yeye na we wakupite tu.

Na picha za watu. Kuna grupu la vijana wa mtaa walifowadi picha ya msichana wa watu wiki nzima, wakubwa na wadogo, wengine watu wa kuswali safu ya mbele, kila mmoja anasema mi sikuipiga mi nimeifowadi tu. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 haina hiyo ya nimeifowadi tu, kusambaza picha ya ngono ya mtoto ni kosa hata ukiwa wa mia kuituma. Ikikufikia iishie kwako, isiende mbele. Toka kwenye grupu, waambie kwanini unatoka, watakucheka, wacheke.

Hili la mwisho babaako ndo angekwambia ila meli yake haijarudi. Mi nataka usubiri, dini yetu unaijua na mi mamaako nataka hivo. Lakini siwezi kukuficha cha kukulinda kwa sababu ya haya zangu. Kondomu ziko kituo cha afya. Tangu 2019 mwenye miaka 15 anaruhusiwa kupima virusi vya UKIMWI mwenyewe bila mzazi kumsainia. Na ikitokea hatari yoyote, umejisahau au mtu kakulazimisha, maana hata watoto wa kiume wanalazimishwa na wananyamaza, kuna dawa za kuzuia virusi lakini lazima uzianze ndani ya saa 72, na mapema zaidi ndo bora, unameza siku 28. Usikae nalo ukihesabu siku, Bombo hospitali si mbali na bodaboda nitalipa mimi.

Leo usiku ukirudi ficha hiyo orodha ya marafiki Facebook isionekane na kila mtu, pale kwenye mipangilio unaweka wewe mwenyewe tu. WhatsApp weka ule uhakiki wa hatua mbili, na ile namba ya siri ya tarakimu sita inayokuja kwa meseji usimpe mtu hata ajitambulishe ni nani. Ukimaliza ya kwako njoo uniwekee na mimi kwenye ya kwangu, nitakuwa nakaanga samaki uani, na wako nimemtenga.

Mamaako.