Barua ya Wazi kwa Waziri wa Habari: Anayefutiwa Maneno Yake Aambiwe Sababu

Kwa Mheshimiwa Waziri,
Wizara ya Habari, Mawasiliano na Uchumi wa Kidijitali,
Nairobi.

Mheshimiwa Waziri,

KUH: HAKI YA KUELEZWA SABABU NA KUSIKIZWA RUFAA MTANDAONI

Nakuandikia kuhusu mabishano ya kila siku ambayo sisi Wakenya tunayafanya kwenye simu zetu. Kama filamu ya kigeni iliyosimuliwa kwa Kiswahili na DJ Afro bado ni filamu ile ile au imeshakuwa nyingine. Kama mtoto wa gredi ya sita apewe simu. Kama akili unde itawaacha watafsiri na waandishi bila kazi. Kama mchekeshaji fulani amevuka mpaka. Mabishano haya huwa makali, watu hurushiana maneno, wengine hublokiana, na kesho yake mada inaanza upya.

Siombi yazimwe, wala siombi yaachiwe yaende ovyo. Ninaloomba ni moja. Mtu yeyote anayefutiwa maneno yake, awe amefutiwa na kampuni au kwa amri ya serikali, aelezwe sababu kwa lugha aliyoandikia, na rufaa yake isomwe na binadamu anayeijua lugha hiyo.

Nitoe mfano ninaoujua vizuri. Sisi tuliokulia kwenye mabanda ya video tunajua thamani ya msimulizi. DJ Afro anaingia juu ya sauti ya filamu, anawapa wahusika majina, anawatania, anawasemea kwa Kiswahili na Sheng, na banda zima linacheka. Tanzania kazi hiyo ilipata umaarufu kupitia Lufufu. Wapo wanaoshikilia kwamba msimulizi anaharibu kazi ya mwongozaji, kwamba kimya alichokikusudia kinajazwa kelele. Mimi niko upande wa pili. Bila wasimulizi hawa, watu wengi niliokua nao wasingekaa saa mbili mbele ya filamu ambayo hawaielewi hata neno moja.

Katika ubishi wa namna hiyo niliandika juu ya adui wa filamu moja: "Huyu angechinjwa dakika ya kumi, sote tungelala mapema." Maneno hayo yakaondolewa. Taarifa niliyoletewa ilikuwa ya Kiingereza, ikidai nimechochea vurugu na kwamba nikirudia akaunti itafungwa. Nikaenda mahali pa kukata rufaa. Hapakuwa na nafasi ya kujieleza hata kwa sentensi moja, palikuwa na kitufe tu cha kubonyeza. Jibu likaja kabla sijaiweka simu chini: uamuzi haubadiliki.

Kwenye ubishi huo huo alikuwemo dada mmoja anayeandika uhakiki wa filamu. Alisema hapendi filamu za kusimuliwa, akatoa sababu zake vizuri, tena kwa utulivu. Mtu mmoja akamjibu: "Dada, tunajua mtoto wako hushukia wapi basi la shule." Hakuna tusi hapo, hakuna neno la damu wala la kisu. Sote tuliosoma tulielewa kinachosemwa, na wengi wetu tukaripoti. Tukajibiwa kwamba hakuna kanuni iliyovunjwa. Yule dada alifunga akaunti yake mwenyewe na ameacha kuandika.

Mheshimiwa, mtambo unaotafuta maneno utalikamata "chinjwa" na utaliachia basi la shule lipite. Watu wa Pwani wamegombana kwa majina ya kanga miaka na miaka: mwanamke anavaa kanga, anapita mbele ya mlango wa jirani, hasemi kitu, na jirani anajua amesemwa. Anayesoma lugha yetu bila kuwajua wasemaji na mahali walipo hawezi kutenganisha utani na tishio. Kumbuka Januari 2022, mwanasiasa mmoja alipotamka "madoadoa" kwenye mkutano wa hadhara Eldoret. Nchi nzima ilishtuka, kwa sababu Bonde la Ufa neno hilo lina historia ya watu kufukuzwa makwao. Aprili mwaka huo Tume ya Uwiano na Utangamano ikaliingiza kwenye orodha yake ya maneno ya chuki. Mtoto akiandika habari za chui, atalitumia neno hilo hilo. Orodha peke yake haitoshi. Lazima awepo mtu.

Na watu hao tunao hapa hapa Nairobi, Mheshimiwa, ila tumewatumia vibaya. Kuanzia 2019, kampuni ya Sama ilikuwa ikiifanyia Facebook kazi ya kukagua maudhui kutoka Nairobi, na vijana waliifanya kwa lugha za sehemu nyingi za Afrika. Walitazama mauaji, watu wakijitoa uhai, watoto wakidhulumiwa, siku baada ya siku. Daniel Motaung, kijana wa Afrika Kusini aliyekuwa mmoja wa wakaguzi hao, alikwenda mahakamani Nairobi mwaka 2022. Mwaka uliofuata wenzake zaidi ya 180 wakafungua kesi yao baada ya kupoteza kazi. Septemba 2024 Mahakama ya Rufaa iliamua kwamba Meta, mwenye Facebook, anaweza kushtakiwa katika mahakama za Kenya. Na mwishoni mwa mwaka huo ripoti za Dkt. Ian Kanyanya, mkuu wa huduma za afya ya akili katika Hospitali Kuu ya Kenyatta, zilionyesha kwamba wakaguzi 144 aliowapima walikuwa na PTSD, ule ugonjwa wa akili unaomshika mtu aliyepitia au kushuhudia mambo ya kutisha.

Nayataja haya kwa sababu watu wanazungumza kana kwamba haki ya mkaguzi ni suala la leba na haki ya mwandishi ni suala la katiba, mambo mawili yasiyokutana. Yanakutana kwenye kiti kimoja. Mkaguzi aliyetoka kutazama mtu akikatwa kichwa anawekewa sentensi yangu ya filamu mbele yake, na hesabu ya kazi zake inakimbia. Hana muda wa kusoma ubishi mzima. Hana nguvu ya kucheka. Atabonyeza futa, na simlaumu hata kidogo. Tukitaka maneno yetu yapimwe vizuri, anayeyapima alipwe vizuri, apumzike, atibiwe, na apewe muda.

TikTok ilitangaza kwamba katika miezi 3 ya kwanza ya 2025 iliondoa zaidi ya video 450,000 nchini Kenya. Sina shaka nyingi zilistahili kuondoka. Lakini Wizara yako inaweza kuuliza maswali ambayo mimi nikiyauliza hayatajibiwa: ngapi kati ya hizo zilikuwa za Kiswahili, ngapi zilitazamwa na mtu, na kati ya waliokata rufaa ni wangapi walirudishiwa?

Sasa nije upande wa serikali yenyewe. Geoffrey Andare alishtakiwa kwa maneno aliyoyaandika Facebook, chini ya kifungu cha 29 cha Sheria ya Habari na Mawasiliano. Aprili 2016 Jaji Mumbi Ngugi alikifuta kifungu hicho kwa kuwa kilikuwa kipana mno: mtu hakuweza kujua mapema ni maneno yapi yatamtia hatiani. Miaka 2 baadaye tukapata Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni, na kifungu chake cha 27 kinamtishia anayesumbua wengine mtandaoni kwa faini ya hadi Sh20 milioni au kifungo cha hadi miaka 10. Sheria hiyo ilipofanyiwa marekebisho Oktoba 2025, kifungu hicho kikatanuliwa, na Mahakama Kuu ikasimamisha baadhi ya sehemu zake mwezi huo huo. Marekebisho hayo pia yanairuhusu kamati ya kitaifa kuamuru tovuti au programu ifungwe. Yule aliyemtishia dada wa watu kwa mtoto wake anastahili kushtakiwa, na ningekwenda kutoa ushahidi. Lakini sheria pana namna hii inaweza kumfikia kwa urahisi zaidi mwenye mzaha kuliko mwenye nia mbaya, kwa sababu mwenye mzaha huandika kwa jina lake.

Kuhusu filamu sina mengi. Kuainisha kwa umri nakuunga mkono, maana mzazi akiona 16 au 18 anajua la kufanya. Marufuku ni jambo jingine, kwa sababu yanamnyima mtu mzima hata nafasi ya kusema filamu hii ni mbaya. Aprili 2018 Bodi ya Kuainisha Filamu iliipiga marufuku filamu ya Rafiki ya Wanuri Kahiu, kwa madai kwamba inaendeleza mapenzi ya jinsia moja. Septemba mwaka huo Jaji Wilfrida Okwany alisimamisha marufuku hayo kwa siku 7 ili filamu ipate kustahiki kuwania tuzo za Oscar, na watu wakajaa kumbini Nairobi. Unaweza kukubaliana na Bodi au na Kahiu. Mimi naangalia jambo moja: Bodi ilisema sababu yake hadharani, na ndiyo maana mwongozaji aliweza kuibeba sababu hiyo mpaka mbele ya jaji. Aliyefutiwa maneno yake usiku kwa kitufe hana cha kubeba.

Kifungu cha 47 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kupewa sababu kwa maandishi pale hatua ya kiutawala inapogusa haki zake. Basi amri yoyote ya kufuta au kufunga inayotoka serikalini iandikwe, itaje maneno yanayolalamikiwa na sheria iliyovunjwa, na mhusika apewe nakala. Kampuni zinazofanya biashara na Wakenya zitakiwe kufanya vivyo hivyo, kwa Kiswahili kwa aliyeandika Kiswahili, na zitoe hesabu za kila lugha. Wakaguzi wa Kiswahili na Sheng waajiriwe moja kwa moja, si kupitia wakandarasi wanaokana wajibu mambo yakiharibika. Na ripoti za vitisho kwa mtu au mtoto wake zitangulie mbele ya foleni, kabla ya utani wa filamu.

Kanuni hizo zitakapoandaliwa, rasimu itolewe kwa Kiswahili pia, na vikao vya maoni ya umma vifike Mombasa, Garissa na Kisumu. Nitahudhuria cha Mombasa. Jibu lako ningependa liwe la hadharani kama ilivyo barua hii.

Wako mwaminifu,
Mtazamaji wa filamu,
Likoni, Mombasa.