Barua ya wazi kwa Waziri wa Ardhi: tajiri naye anaomba hati

Mheshimiwa Waziri wa Ardhi, Nyumba na Maendeleo ya Makazi,
Dodoma.

Salaam nyingi kutoka Msasani.

Mimi ni dalali wa nyumba. Najua jina hilo linavyopokelewa. Mtu akilisikia hushika mfuko wake kwanza ndipo aitikie salamu. Naomba univumilie, maana ninachokuletea hukipati kwenye vipeperushi vya maghorofa ya Masaki wala kwenye hotuba za uzinduzi. Kazi yangu ni kuwatembeza wenye pesa ndani ya nyumba zinazouzwa. Mbele ya mwenye jengo wanatabasamu na kusifia mandhari ya bahari. Maneno ya kweli wanayasema wakisharudi kwenye gari, na mimi nakuwa siti ya mbele nikisikiliza.

Tajiri wa Dar es Salaam amebadilika, Mheshimiwa. Enzi zile alitaka nyumba ya peke yake: ukuta mrefu, geti la chuma, miembe, kibanda cha mlinzi na mbwa wawili wasio na urafiki. Oysterbay, iliyokuwa uzunguni wakati wa Mwingereza, ilimpa hayo yote kwa ukubwa wa viwanja vyake. Leo watoto wake wako Kanada, bustani inakunywa maji kuliko watu, mlinzi wa usiku analala, na yeye na mkewe wanaishi kwenye vyumba viwili kati ya sita. Anauza. Anayenunua anabomoa na kupandisha ghorofa, na palipokuwa na familia moja panakuwa na familia arobaini. Tangu Daraja la Tanzanite lifunguliwe mwaka 2022, mtu wa Coco Beach akifika mjini kwa dakika chache, mahitaji ya upande ule yamezidi kupanda.

Sasa hao wanaonunua sehemu moja ndani ya ghorofa wanataka nini? Ukisoma matangazo utasema wanataka bwawa la kuogelea, chumba cha mazoezi na marumaru kutoka Italia. Bwawa wanalitaka, sibishi, ingawa kwenye majengo mengi ninayoyajua anayeingia majini mara nyingi ni yule kijana wa kulisafisha. Maswali yao lakini ni mengine.

Nikupe mfano. Nilimpeleka mfanyabiashara mmoja wa vipuri wa Kariakoo pamoja na mkewe kuona apatimenti ya vyumba vitatu, ghorofa ya tisa. Kijana wa mauzo akaanzia sebuleni, kwenye lile jiko la wazi linalotazamana na makochi. Mama akalitazama, akauliza: "Samaki nakaangia wapi?" Kijana akasema kuna mashine ya kuvuta moshi. Mama hakujibu, akaenda mwenyewe kutafuta jiko la nje, akakuta kibaraza cha kuanikia nguo. Mumewe naye alikuwa ameshateremka chini kwenye jenereta. Alitaka kujua kama inabeba lifti na pampu, au ni taa za kwenye korido tu. Akauliza kila nyumba ina mita yake ya LUKU au wanagawana. Akafungua bomba la chooni, akaonja maji kwa ulimi. "Kisima?" Kisima. "Chumvi." Kijana akasema kuna mtambo wa kuchuja unakuja.

Usimwone mzee huyu ana makuu. Oktoba 2022 jiji zima lilikuwa kwenye mgawo wa maji, kina cha mto Ruvu kiliposhuka, na bei ya nyumba haikumwongezea mtu hata ndoo moja. Aliyepitia kipindi kile haulizi tena rangi ya vigae.

Swali la mwisho lilikuwa la hati. Kijana akachangamka: hati ipo, safi, ya miaka 99. Ya kiwanja? Ya kiwanja. Na ya hii nyumba ninayoinunua mimi? Itashughulikiwa baada ya jengo kukamilika. Hiyo ya kiwanja iko wapi? Iko benki, kwa sababu ya mkopo wa ujenzi. Mzee akashukuru vizuri, akapeana mikono, tukashuka. Garini akanyamaza mpaka tukapita duka la Shoppers, kisha akasema: "Kwa hiyo milioni zote zile, mimi nanunua funguo."

Hapo ndipo nilipoona nikuandikie, Mheshimiwa. Maji anaweza kuchimba, umeme anaweza kununua jenereta, ulinzi anaweza kukodi. Hati ndiyo peke yake hawezi kujitengenezea hata awe na fedha kiasi gani. Inatoka kwako.

Sheria ipo tayari. Ni Sheria Na. 16 ya mwaka 2008 ya umiliki wa sehemu za majengo. Inaruhusu jengo moja lipimwe na kugawanywa, kila sehemu isajiliwe na kupata hati yake, na ngazi, lifti, paa, matangi na eneo la magari yawe mali ya wote chini ya chama cha wamiliki. Mwaka huohuo ikapitishwa pia sheria ya mikopo ya nyumba, ili benki ziweze kukopesha kwa dhamana ya nyumba yenyewe. Hizo sheria mbili ziliandikwa zishikane mikono. Lakini ukija huku kwetu mtaani, apatimenti nyingi zinauzwa kwa mkataba uliogongwa muhuri wa wakili, basi. Mnunuzi akitaka kukopa, benki inamuuliza hati. Akitaka kuuza, anauza mkataba. Wa pili anamwandikia wa tatu mkataba mwingine juu ya ule wa kwanza. Akifariki, watoto wanakwenda mahakamani na bahasha.

Nimeuliza wenye majengo kwa nini hawagawi hati. Wengine wanasema benki haijaachia hati ya kiwanja. Wengine, ukikaa nao mpaka kahawa ya pili, wanakiri kuwa jengo lililosimama si lile lililoombewa kibali: ghorofa moja imeongezwa, maegesho yamegeuzwa ofisi, na mpima akija kuchora ramani ya sehemu, ramani na jengo havitasalimiana. Wengine hawana sababu yoyote. Wameshauza nyumba zote, wamehamia kiwanja kingine, na hakuna wa kuwadai.

Serikali nayo inapoteza. Nyumba iliyosajiliwa ikibadilisha mikono inalipa ushuru wa stempu wa asilimia 1, na muuzaji analipa kodi ya faida ya mtaji. Mkataba unaopokezanwa garini haulipi kitu. Tena la kuchekesha, tangu 2021 kodi ya majengo inakatwa kwenye LUKU. Yaani mita ya umeme inazijua hizi nyumba moja baada ya nyingine, ila ukienda kwa Msajili wa Hati kufanya upekuzi, yaani kukagua daftari la umiliki, unakuta kiwanja kimoja na jina moja.

Kuna watakaosema: dalali anawalilia matajiri. Mtu wa Masaki ana wakili, ana shemeji serikalini, na mambo yakiharibika ana nyumba nyingine. Kweli. Lakini maghorofa hayajaishia Masaki. Yako Sinza, Kijitonyama, Mikocheni, Ubungo. Namjua mwalimu mstaafu wa Kijitonyama aliyetia kiinua mgongo chake chote kwenye vyumba viwili vya ghorofa ya tatu, akiwa na karatasi ileile aliyopewa yule mzee wa vipuri, bila wakili wala shemeji. Mzee wa vipuri aliikataa kwa sababu anajua kusoma mikataba. Mwalimu aliipokea kwa sababu ilikuwa na muhuri.

Na wazee wa Upanga wana sababu zao za kuuliza hati mara tatu. Mwaka 1971 Serikali ilitwaa majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, na miongoni mwa walioyajenga walikuwamo watu wa mitaa ile. Sitaki kufukua siasa za wakati ule. Nasema tu kwamba familia iliyopitia hayo haitulizwi na ahadi ya "itashughulikiwa".

Wanaochoka wanakwenda wapi? Wanapanda ndege, saa tano na ushei, wanashuka Dubai. Nimewapoteza wateja wa kutosha kwa mji ule kiasi cha kunifanya nijifunze unavyofanya kazi. Walifungua milango kwa wanunuzi wa kigeni mwaka 2002, na mwanzoni nao walikuwa na vurugu zao. Kisha wakatunga sheria. Sheria Na. 8 ya 2007 inamtaka anayeuza nyumba kabla hajaijenga aweke pesa za wanunuzi kwenye akaunti maalumu ya mradi huo, inayosimamiwa, na anachota kadiri jengo linavyopanda. Mauzo ya kwenye ramani nayo yanasajiliwa, hivyo nyumba moja haiuzwi kwa watu wawili. Gharama za huduma za jengo zinaidhinishwa na mamlaka na kutangazwa. Dalali anasajiliwa na kupewa kadi. Mnunuzi analipa ada ya usajili ya asilimia 4 na wala halalamiki, kwa sababu anatoka na hati yenye jina lake.

Si lazima tuende mbali kiasi hicho. Zanzibar, ambako ardhi ni ya umma kama kwetu, walitunga sheria yao ya kondomini, yaani umiliki wa sehemu za jengo, mwaka 2010, na leo Fumba wageni na wenyeji wananunua nyumba kwa ukodishaji wa muda mrefu na wanajua wanachokipata. Bara tuna msimamo wetu kuhusu mtu asiye raia kumiliki ardhi, ule wa Sheria ya Ardhi ya 1999, nami sina ugomvi nao. Raia wenyewe wanatosha kuyajaza maghorofa haya. Ndugu zetu wa diaspora nao wanapiga simu kila wiki. Swali lao la kwanza huwa ni hilohilo la hati, kwa kuwa hawapo kulinda mlango.

Ninachoomba kwako ni hiki. Mtu asiruhusiwe kupokea hata shilingi ya mnunuzi kabla mgawanyo wa sehemu za jengo haujawasilishwa kwa Msajili, na benki iliyoshika hati ya kiwanja iandike mapema kwamba itaachia kila sehemu ikishalipiwa. Asiyekabidhi hati ndani ya muda mtakaoupanga asipewe kibali cha jengo jingine. Hilo litawauma kuliko faini. Pesa za nyumba zinazouzwa kwenye ramani zikae kwenye akaunti ya mradi. Na kwa yale majengo ambayo yameshauzwa na kukaliwa, leteni zile kliniki za ardhi za kutoa hati na kutatua migogoro mnazozifanya kwenye viwanja vya wazi, mziweke hata kwenye ukumbi wa chini wa ghorofa. Watu watajipanga foleni na vitambulisho vyao, matajiri kwa maskini.

Kuhusu sisi madalali nitasema machache, ingawa wenzangu wataninunia. Wathamini wana sheria yao ya 2016. Wapima wana baraza lao, wakili ana daftari la mawakili. Dalali ana simu na maneno. Julai 2025 Serikali ilikataza wasio raia kufanya udalali wa nyumba, tukashangilia. Tangu Machi mwaka huohuo hairuhusiwi kutaja bei kwa dola, nayo imesaidia, ijapokuwa wapo wenye nyumba ambao bado wanahesabu kwa dola kichwani na kukutajia shilingi isiyo na kichwa wala miguu. Lakini kutufungia wageni nje hakukutufanya sisi tuwe waaminifu. Wapo kati yetu wanaoweka cha juu mpaka bei inapoteza sura, wanaouza nyumba isiyo yao, wanaochukua hela ya kuonyesha kwa watu kumi huku nyumba imeshapangishwa. Tusajilini. Tupeni mtihani na kadi yenye picha, na dalali anayeuza sehemu ya jengo bila kumwonyesha mnunuzi matokeo ya upekuzi anyang'anywe kadi hiyo. Mimi nitalipa ada hiyo nikiwa nacheka.

Habari za kutungwa kwa sheria ya sekta ya milki, yaani biashara ya nyumba na ardhi, tumezisikia kwa miaka mingi, kwa mawaziri kadhaa waliokutangulia. Muswada ukifika bungeni na kamati ikaanza kupokea maoni ya wadau, naomba wasialikwe wenye majengo na benki peke yao. Mwalimu wa Kijitonyama aitwe. Madalali tuitwe pia. Dodoma siku hizi ni treni tu, nauli nitajilipia.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Dalali wa nyumba,
Msasani, Dar es Salaam.